Mwewe Kumi na Wanne wa Jabal Tarik

Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akifuga kuku nyumbani kwetu Tanga, na katika yote aliyonirithisha, lililodumu kuliko mengine ni uadui na mwewe. Kwani tangu nilipopata akili ya kutumwa, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kukaa kizingitini, macho angani na debe bovu magotini, ili kila kivuli chenye mkia wa panda kipitapo uani nilipige debe lile kwa nguvu zangu zote mpaka vifaranga wakimbilie chini ya mbawa za mama yao. Basi msomaji na anifikirie, miaka hamsini baadaye, nimepandishwa jabali la ugenini mwezi wa Mei, si kuwafukuza mwewe, bali kuwahesabu kwa taadhima, mmoja mmoja, kama mahujaji washukao melini.

Aliyenifikisha huko ni mpwa wangu, asomaye elimu ya ndege Uingereza, ambaye nilikwenda kumzuru kwa nia ya kulala na kula. "Mjomba," akaniambia, "twende Gibraltar. Wanatafuta watu wa kuhesabu, na wewe mwewe unawajua." Nami mtu akinisifu sina nguvu za kukataa.

Jina la mahali hapo ni Kiarabu kilichopondwapondwa na ndimi za watu: Jabal Tarik, kwa ajili ya Tarik bin Ziyad aliyevuka bahari na jeshi lake mwaka 711. Ni mgongo wa mawe ya chokaa wenye kimo cha mita 426, umelala juu ya maji kama jahazi lililopinduliwa, na kukiwa kweupe huonekana kutoka juu yake milima ya Moroko, maana mlango wa bahari ulio baina ya Afrika na Ulaya, hapo unapobana kabisa, upana wake ni kama kilomita 14. Na humo katika wembamba huo ndimo ilimo siri ya mambo yote. Kwani ndege mkubwa wa kuwinda hapendi kupiga mbawa, bali huitafuta hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, akazunguka nayo juu kwa juu kama moshi wa ubani, kisha akajiachia na kuteleza mbele bila ya taabu. Lakini bahari haina hewa ya namna hiyo, kwa hiyo tai na vipanga na mwewe, na hata wale walao mabuu ya nyigu, wote hukusanyika penye kivuko kifupi, kama abiria wenye nauli kidogo. Upepo wa magharibi huwasukuma mpaka juu ya jabali. Wa mashariki huwapeleka Tarifa, upande wa Hispania, ukamwacha mwenye kuhesabu akihesabu mawingu.

Walipotokea wale wa kwanza, vidoadoa vyeusi kutoka upande wa Afrika, moyo wangu ulinijaa, nikasimama, nikawapungia kofia, nikawaamkia kwa Kiswahili na kuwauliza habari za nyumbani. Mpwa wangu akakohoa. Akanieleza kwa adabu kwamba hao walikuwa wametoka Afrika ya Magharibi, na kwamba wale wanaokaa kwetu wakati wa baridi ya Ulaya hurejea makwao kwa njia ya Suez na Sinai. Nilikuwa nimewaamkia ndege wa watu.

Msimamizi wetu, bibi mmoja mpole mwenye daftari kubwa, akanikabidhi mwewe weusi peke yao, pamoja na kidude cha chuma kikaacho kiganjani kama yai la njiwa, ambacho kila ukikibonyeza kwa kidole gumba hulia "tik" na kuongeza moja. Nikahesabu 14, kwa uangalifu mkubwa. Huyo wa kumi na nne, kwa bahati mbaya, alikuja chini mno, akifukuzwa na shakwe wawili (na shakwe wa huko hawana huruma, humpiga mgeni aliyechoka mpaka wakamtosa baharini), kivuli chake kikanipitia usoni. Na kabla akili yangu haijapata nafasi ya kushauriana na mikono, nilikuwa nimekwisha kunyakua mkebe wangu wa chakula na kuupiga kwa kijiko, huku nikimtukana mwewe yule na ukoo wake wote kwa sauti iliyosikika, nadhani, mpaka Moroko.

Kimya kikatanda. Mwewe akaenda zake. Aliyeitika ni kima, mmoja wa wale wasio na mkia, ambao hawapatikani wakiishi huru mahali pengine popote katika Ulaya, na ambao sauti ya mkebe wanaifahamu kuliko mimi niifahamuvyo adhana ya magharibi; akaja kwa hatua za karani anayekwenda kupokea mshahara, akauchukua mkebe mikononi mwangu, akaufungua, akala sambusa zangu tano nilizozikaanga usiku kwa mkono wangu, ya sita akainusa na kuirudisha. Nafikiri ilizidi pilipili.

Adhuhuri upepo ukageuka kuwa wa matlai, na likatokea lile wingu la huko lenye sifa, linalokaa juu ya jabali kama kilemba, mji ulio chini ukibaki kivulini mwake. Sikuona ndege, sikumwona mpwa wangu, wala miguu yangu sikuiona vizuri. Nikaona ni wakati mwema wa kuvuta uradi, nikaketi, nikanong'ona taratibu, roho ikatulia. Na kidole gumba, ambacho kwa miaka arubaini kimezoea kusukuma punje za tasbihi, kikafanya kazi yake bila ya kuniuliza.

Wingu lilipopungua, bibi yule akaja kusoma kidude, akaandika 113, kisha akasita na kalamu hewani. Akauliza, kwa upole uliokuwa adhabu tosha, niliwaonaje wote hao ndani ya ukungu. Ikanilazimu kuungama. Mpwa wangu akawa mkalimani, akieleza thelathini na tatu mara tatu, na masikio yake yamekuwa mekundu kama pilipili. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akatoa 99 pembeni mwa ukurasa kwa mkono wa mwalimu wa hesabu, akapata 14, akanitazama. "Una hakika," akauliza, "kwamba uradi ulikuwa mmoja tu?"

Usiku ule nilisali isha katika chumba tulichopanga, nikatwaa tasbihi yangu ya kweli ili kulipa deni la mchana. Mpwa wangu, aliyekuwa amekwisha lala, anaapa kwamba nilipofika punje ya ishirini nilinyamaza kidogo, kisha nikasema kwa sauti ya kawaida: "Mmoja, chini sana, na shakwe wawili nyuma yake."