Msumeno Unasingiziwa: Mhadhara wa Bingwa

Mafundi wa Iringa, kamwene. Mafundi wa Mbeya, ugonile. Na ninyi wa Mafinga mlioacha wateja dukani ili mnisikilize, hongereni kwa busara. Anayezungumza nanyi ni Mtaalamu Mkuu wa Elimu ya Msumeno katika Nyanda za Juu Kusini, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kinyang'anyiro kikali kilichokosa mgombea mwingine. Hoja yangu ni moja, na kwa uzito wake inatosha: msumeno wa meza unasingiziwa. Wenyewe una tabia moja tu, kuzunguka. Mota inayotumia umeme wetu wa hezi 50 huweza kuzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na ikifungwa bledi ya inchi 12 moja kwa moja, ncha za meno hukimbia karibu kilomita 170 kwa saa, mwendo ambao hakuna basi linalouthubutu kwenye kona za Kitonga. Meno ya mbele hushuka na kuigandamiza mbao mezani. Ya nyuma hupanda. Mbao ikiyagusa yale ya nyuma, itanyanyuliwa na kurushwa kwa fundi, na mkono uliokuwa ukiisukuma unaweza kuvutwa kwenye bledi. Kwa hiyo swali la kisomi haliko kwenye ukali wa meno. Mbao itafanya nini ikishayapita?

Tuanze na kuchana, yaani kupasua mbao kwa urefu wake. Paina za Sao Hill hukua haraka, na nyingi hufika karakana zikiwa bado mbichi. Ndani ya mti huo nyuzi zinavutana, na ukiugawa, vipande viwili huamua kuachana au kukumbatiana. Vikikumbatiana nyuma ya bledi, vinaibana, na mnayajua yanayofuata. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, chembamba kuliko njia iliyochimbwa na meno, kinene kidogo kuliko mwili wa bledi. Nasikitika kwamba kwenye meza nyingi zilizochomelewa kwa chuma cha engo kipande hicho hakipo, na mahali pake pana imani. Mbao ikiwa nyembamba, isukumeni kwa kijiti. Kijiti kikiliwa, kinachongwa kingine jioni hiyohiyo. Kwa dole gumba utaratibu huo haujapatikana, hata kwangu mimi.

Kukata mkato, yaani kukatisha mbao kwa upana, ni somo tofauti, na hapa ndipo wanafunzi wangu wa kufikirika huanguka mtihani. Ule ukingo wa pembeni unaowasaidia wakati wa kuchana huwa adui wakati wa kukatisha. Kipande kifupi kikibaki kati yake na bledi kitajipinda kidogo, kitabanwa, kisha kitaondoka bila kuaga. Mbao iongozwe na kisukumio kinachotembea kwenye mfereji wa meza. Ukitaka vipande vyenye urefu sawa, funga kibao kidogo kwenye ukingo, kiishie kabla ya bledi, ili mbao ipimwe hapo kisha isonge mbele ikiwa huru. Mkato wa nyuzi 45 wa fremu za milango unafuata sheria hiyohiyo, ila kwa kiburi zaidi, kwa kuwa mbao huteleza.

Najua kuna wabishi. Wa kwanza atasema Mbeya mwezi Juni ni baridi, aachiwe glovu na koti lake. Hapana. Ngozi ikiguswa na jino hukatwa, na hilo ni baya. Glovu ikinaswa huuburuta mkono mzima, na hilo ni baya zaidi. Koti livaliwe, mikono yake ibane. Wa pili atamtaja mzee fulani wa kijiweni mwenye miaka mingi ya kazi na vidole kumi. Namheshimu mzee, lakini ni shahidi wa upande mmoja: waliopunguziwa vidole waliacha useremala, hawaji kijiweni kupinga. Wa tatu, msomi kidogo, atanitajia SawStop, mashine ya Steve Gass wa Marekani inayohisi ngozi na kusimamisha bledi ndani ya milisekunde chache, ile iliyopata umaarufu kwa kujaribiwa na soseji. Ni kazi nzuri, nusura niidai kuwa yangu. Ila inahisi kwa umeme, na mbao mbichi hupitisha umeme. Ikidanganyika, kifaa chake cha breki huwa kimekufa na mara nyingi bledi nayo. Kwa paina iliyokatwa wiki jana, fundi angefilisika akiwa na vidole vyote.

Anayesema kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inatosha, aniambie umeme ukikatika nani huzima swichi. Kimya kinaingia karakana nzima, fundi anainama kufuta maranda kwenye bledi, swichi imeachwa ikiwa imewashwa, na umeme unarudi bila hodi. Ipo swichi ya sumaku ambayo umeme ukikatika hujizima, na ukirudi husubiri kubonyezwa tena. Fungeni hiyo. Maswali yapokelewe sasa, ila yawe mafupi, na yaanze na neno Profesa.