Nimechoka, Msiniombee Kwanza

Hapa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, usithubutu kusema mbele za watu kwamba umechoka. Hutapewa kiti. Utapewa siku tatu za kufunga kavu, bila chakula wala tone la maji, na juu yake kesha la maombi ili upate nguvu mpya. Mtu amekuja akilalamika kwamba mwili hauna kitu, dawa yake ni kunyimwa na kile kidogo kilichobaki.

Na uchovu wenyewe hauhitaji nabii wa kuufunua. Milima yetu inaanguka moja kwa moja ziwani, shamba liko juu, soko liko chini. Mama anashuka na gunia la mihogo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, kisha anapanda tena na samaki wa sambaza, chumvi na mtoto. Vita vilipoibana barabara upande wa Shasha mwanzoni mwa 2024, mizigo mingi ya kwenda Goma ilihamia majini, kwa hiyo kukaongezeka na kazi ya kubeba mpaka ufukweni. Nilijaribu kulieleza hilo kwa mama mmoja wa kikundi cha maombi, jirani yangu. Alinitazama kwa huruma, akasema: "Papa, hiyo ni roho ya uchovu." Nikamjibu: "Mama, hiyo ni roho ya gunia." Tangu siku hiyo jina langu liko kwenye orodha ya watu wa kuombewa kwa haraka.

Mahali pa kupelekwa hapakosekani. Waprotestanti wana makanisa yenye namba: ya tatu ni CBCA, ya tano CELPA, ya nane CEPAC. Wakatoliki nao wana vikundi vya Karismatiki, na hao wanajua kuimba mpaka jogoo aone haya. Ukifuatilia asili ya mambo haya utaelewa kwa nini mimi nasinzia. Karismatiki ya Kikatoliki ilianzia Marekani mwaka 1967, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, waliokuwa kwenye mafungo ya mwisho wa juma. Wanafunzi! Watu ambao kesho yake hawana mhogo wa kung'oa. Na wamisionari Wapentekoste waliofika Kongo mwaka 1921, ambao kazi yao ilizaa CEPAC, walitoka Uswidi, nchi ambayo usiku wa Desemba hauna haraka ya kwisha. Kwao kukesha ni jambo la hali ya hewa. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa usiku wa saa kumi na mbili, na tunauhitaji wote.

Kesha linaanza saa tatu. Ukishaingia umeingia, maana kwa hali ya usalama wetu hakuna wa kutembea njiani usiku. Mlango unafunguka kukipambazuka. Kwanza korali ya vijana, halafu korali ya mama, halafu korali ya vijana tena, eti walisahau wimbo mmoja. Jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, na bafle limeelekezwa kwenye sikio langu. Saa nane za usiku mhubiri anapaza sauti: "Mguse jirani yako, umwambie pokea nguvu!" Jirani ananigusa kwa kiwiko, kwenye mbavu. Na nikifaulu kufumba macho, kuna kijana wa protokoli, tai shingoni, anayezunguka kutafuta waliolala kama askari anayekagua vitambulisho njiani.

Watu wanadhani mlalamishi hasomi Biblia. Nasoma sana, hasa nikiwa nimenyimwa usingizi. Katika Matendo, sura ya 20, Paulo alihubiri kule Troa mpaka usiku wa manane. Kijana Eutiko akashikwa na usingizi dirishani, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamrudishia uhai. Wahubiri wetu wamejifunza ule urefu wa mahubiri. Sehemu ya pili bado.

Halafu kuna Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii amekimbia, amechoka mpaka anaomba kufa, amelala chini ya mti. Malaika anakuja. Hamkemei, hamfukuzi roho yoyote, hamwandikii programu ya kufunga. Anampa mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anamwacha. Baadaye anarudi, anamlisha mara ya pili. Ndipo mtu akatembea siku arobaini mpaka Horebu, akakutana na Mungu wake.

Na wala sisemi makesha yafungwe. Angalieni benchi za nyuma, anakokaa mama wa sokoni. Nyumbani hata saa sita za usiku kuna anayemwita: mtoto anataka maji, mzee anauliza shati. Kanisani hakuna wa kumwuliza chumvi iko wapi. Anakaa, analia kidogo, anaimba kidogo, anajifunika kitenge, anasinzia mbele za Bwana. Asubuhi anapanda mlima uso umefunguka. Nguvu mpya ziko, nimeziona kwake kwa macho yangu. Amezipata kwa sababu kwa usiku mmoja amemkabidhi Mungu mzigo na yeye mwenyewe ameketi. Anayemwibia ni yule kijana wa tai.

Kwa hiyo, Papa Mchungaji, ninaomba kwa heshima: ikifika saa sita zima bafle, leta chai na viazi vitamu, uache watu walale hapo hapo madhabahuni kwa Bwana, kisha alfajiri tuombe tukiwa wazima. Malaika alimwamsha Eliya mara mbili tu, na mara zote mbili kulikuwa na chakula. Mtu wa protokoli akija kuniamsha mikono mitupu, mimi naendelea kulala.