Gesti Bila Picha

"Mwanangu, mbona gesti yenyewe siioni?" Mjomba aliniuliza hivyo jana, kijiweni kwenye kahawa hapa Kitaya, simu kaiinua juu ili hata wa nyuma waone. Tovuti niliyomtengenezea ilikuwa maandishi tu, na pale pa picha pamebaki kijisanduku kimepasuka. Dereva wa boda akauliza gesti imebomolewa lini.

Kwenye laptopu yangu picha ilikuwepo! Bati jekundu, mkorosho, hata mbuzi wa jirani.

Sasa sikiliza, maana jambo lenyewe ni tamu kuliko aibu. Ukurasa wa wavuti hauna picha ndani yake. Ni maandishi matupu, ya lugha ya HTML aliyoibuni Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi. Tovuti ya kwanza duniani, ya mwaka 1991, nayo haikuwa na picha, na hakuna aliyemcheka. Panapotakiwa picha unaandika jina la faili, na simu ya msomaji ikifika hapo inarudi kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti, kuliomba kwa jina hilohilo. Windows ya laptopu yangu haijali herufi kubwa na ndogo: Gesti, gesti, yote sawa. Seva nyingi lakini zinatumia Linux, na Linux haina mswalie Mtume. Faili linaitwa Gesti.JPG, kwenye ukurasa pameandikwa gesti.jpg. Seva ikajibu 404: hatuna mtu huyo. Herufi nne tu!

Na hii si aibu yangu ya kwanza. Tovuti niliyotengenezea duka la dawa ilikwama kwa sababu mwenyewe alitaka ifunguke bila bando. Ya muuza samaki ilifunguka vizuri. Namba ya simu ndiyo ilikuwa imeshabadilishwa.

Malipo? Mjomba amesema tusubiri mnada wa korosho. Mmakonde gani atamdai mjomba wake?

Kicheko nimekizoea. Kinachoniuma ni semina za kutuambia vijana tujiajiri mtandaoni. Huku kando ya mto Ruvuma simu ikijisikia inashika mnara wa Msumbiji, na salio linavuka mto bila pasipoti. Bando la wiki muda ukiisha kabla hujanunua jingine, megabaiti zilizobaki zinakwenda nalo, ingawa nimezilipia. Korosho zangu zikiwa ghalani nina stakabadhi, na mnada hata uchelewe, mzigo unabaki wangu.

Waandaaji wa semina, safari ijayo acheni fulana na maji ya chupa. Leteni bando.