Nenda na Mwavuli

Dalali wa Mji Mkongwe, Unguja, hauzi nyumba. Anauza mlango. Atakusimamisha uchochoroni, ataupangusa mlango kwa kiganja, atakuhesabia njumu za shaba moja moja, atakuapia kwamba mbao ni msaji na kwamba fundi wa nakshi hii, yakhe, hajazaliwa wa pili. Ukimuuliza habari za paa, atakuuliza kama umewahi kuona mfaa uliochongwa namna hii. Wewe uko hapo umeshangaa maua ya mbao, na nyuma ya maua kuna ghorofa tatu zinazoteremka taratibu kulielekea duka la vitenge lililo chini.

Katika ukoo wetu mkaguzi wa nyumba ni mimi. Cheti sina. Nina timazi, kurunzi, msumari wa inchi 6 na mwavuli, tena nina jamaa wengi walioko Maskati ambao kila wakikumbuka utoto wao hushikwa na hamu ya kununua nyumba. Safari hii alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Alipiga simu akiwa ameshaipenda picha ya mlango. "Shemeji," aliniambia, "nenda kaiangalie tu, lakini mimi moyo umesharidhia." Mtu ambaye moyo umesharidhia hatafuti mkaguzi, anatafuta shahidi wa ndoa. Nikaenda hivyo hivyo, na fundi wangu mzee, mwashi wa chokaa tangu ujana wake.

Tulikwenda masika yamekolea. Dalali alikuwa ametushauri tungoje kiangazi, eti jua likiwaka nyumba hupendeza. Hilo nalijua, na ndilo ninalolikimbia. Kiangazi kila nyumba ya mawe ni kavu na kila dalali ni mkweli. Mimi huingia siku ambayo paka wamehamia barazani, na nikishaingia napanda juu moja kwa moja, kwa sababu maji nayo huanzia juu.

Mapaa ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa, na mengi baadaye yalivikwa mabati. Baina ya bati lako na bati la jirani hupita mfereji, na mfereji huo hauna mwenyewe. Jirani wa kulia atakwambia ni wa jirani wa kushoto, wa kushoto atakwambia ni wa serikali. Huu wetu ulikuwa na majani, chupa za plastiki, mpira wa watoto na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Maji ya mapaa mawili yalifika pale, yakakuta njia imezibwa, yakaamua kupitia ndani ya ukuta. Na kwenye kona, ndege alikuwa ameangusha mbegu na mti ukakubali, una majani mazuri kabisa. Dalali akausifu kuwa unaleta kivuli.

Ukuta wa nyumba hizi ukiutazama utadhani ngome: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene nusu mita na zaidi. Lakini aghlabu huwa ni nyuso mbili za mawe, na katikati kumejazwa vifusi na udongo. Maji yakiingia kwa juu, udongo ule hulegea ukateremka, na ukuta hufanya tumbo. Niliishusha timazi ukumbini. Uzi ulisimama wima; ukuta ulikuwa umeinama kumwamkia jirani.

"Huo ni mtindo wa zamani," akasema dalali.

"Mtindo wa wapi?"

"Wa Kiajemi."

Chumba cha pili ukuta uliinama upande wa pili. Huo, nikaambiwa, ulikuwa wa Kihindi.

Tumbo peke yake halinitishi. Yapo matumbo Mji Mkongwe yaliyotangulia babu zetu na hayajaongezeka. La kuuliza ni kama ukuta umeshatulia au bado uko safarini, na dawa yake ni rahisi: unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kwa plasta kukatisha ufa, unaandika tarehe pembeni, unangoja. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka. Nilikuwa natoa changu mfukoni wakati bibi mpangaji wa chini alipotokea na kikombe chake cha chai. "Mwanangu, usijisumbue," akasema. "Njoo huku." Akasogeza kabati. Nyuma ya kabati ufa ulikuwa umekwenda tangu sakafuni hadi darini, na juu yake vimebandikwa vioo vya wakaguzi waliotangulia, kila kimoja na tarehe yake, kila kimoja kimepasuka katikati. Dalali akaanza kukagua simu yake.

Tukaja kwenye boriti. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na si kwa sababu wazee walipenda kukaa mfululizo. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na mkoko wa kubeba sakafu ya chokaa hauwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, basi upana wa chumba aliuamua mkoko. Ni mti wa sifa. Ukikaa mkavu utawazika wajukuu zako. Taabu yake ni vichwa, pale unapozama ukutani, kwa sababu ukuta ukinywa maji na wenyewe hunywa, na huko ndani hakuna mtu wa kuuona. Dalali anayajua haya vizuri, ndiyo maana hugonga boriti katikati. Alichukua ufagio akagonga. "Ngo! Ngo! Umesikia?"

Fundi mzee akaomba ngazi. Alipanda mpaka kwenye kichwa cha boriti, akaweka ncha ya msumari, akausukuma kwa kidole gumba tu. Msumari ukaingia wote. Alipouchomoa ulifuatwa na unga, mchwa kadhaa na mjusi aliyekasirika. Mzee akatazama juu kwa muda.

"Hii," akasema, "imekaa hapa kwa adabu tu."

Kipande cha chokaa kikadondoka kwenye kofia ya dalali, naye akakipangusa bila kukitolea maelezo.

Chini kulinitia hofu zaidi, kwa kuwa chini kulikuwa kuzuri. Kuta zimepigwa lipu mpya, zimepakwa rangi nyeupe, zinang'aa. "Imekarabatiwa yote," dalali akafurahi. Mimi ndani ya nyumba ya zamani harufu ya rangi mbichi hunitisha kuliko harufu ya popo. Lipu ile ilikuwa ya sementi. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuacha utoke taratibu. Sementi huufungia mlango. Unyevu ukishindwa kutoka hupanda, na hupanda na chumvi yake. Juu kidogo ya mahali lipu ilipokomea kulikuwa na mstari wa unga mweupe, na rangi imeanza kuvimba malengelenge. Fundi aliupitishia mkono, akaonja kidole, akatema. Hakusema kitu, lakini yeye akinyamaza mbele ya sementi huwa anatukana.

Choo kilikuwa ghorofa ya pili, na bomba lake limepitishwa nje ya ukuta na mtu aliyekuwa na haraka. Kulijaribu kunataka watu wawili. Mimi nilimwaga ndoo juu. Bibi mpangaji alisimama chini kusikiliza. Tulikubaliana akiona chochote apige kelele. Nikamwaga. Kimya. Nikamwaga ya pili. Kukasikika sauti, lakini si ya bibi. Ilikuwa ya mwenye duka la vitenge, na maneno yake siyaandiki.

Hapo ndipo dalali alipotoa silaha yake ya mwisho. "Nyinyi mnatafuta makosa. Nyumba hii imesimama zaidi ya miaka 100. Ije ianguke leo?" Beit al-Ajaib, kasri ya hapo hapo Mji Mkongwe, ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 ilinusurika mizinga ya manowari za Waingereza, ikabaki imesimama. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka mchana, mbele ya Forodhani, na watu walikufa. Nilimwambia hayo kwa sauti ya chini, kwa sababu si ya kufanyia mzaha. Alinyamaza kidogo. Kisha akapunguza bei.

Shemeji alipopokea taarifa yangu alisoma sehemu ya bei tu. Mengine, alisema, yanatengenezeka, na kwa kweli yanatengenezeka kama una fedha, chokaa iliyorowekwa muda wa kutosha, na subira. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe pia, maana mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na dirisha hubadilishi kwa matakwa yako. Nyumba si ya wakfu. Hilo nilikwenda kuliuliza mwanzo kabisa, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi hata mlango wake ukiwa wa dhahabu.

Kilichobaki ni wenyewe. Dalali alisema mwenye nyumba ni mmoja, na hakudanganya, isipokuwa huyo mmoja ameshafariki zamani na mirathi haijagawiwa. Mjane ana thumni yake. Watoto wana zao. Miongoni mwa watoto wapo waliokufa wakiacha wajane wenye thumni katika sehemu za waume zao, na wana wao wameenea mpaka Dubai na Toronto. Tulikutana ukumbini, chini ya ukuta wa Kiajemi, na simu zimepangwa mezani kila moja na uso wake. Kule Toronto ilikuwa usiku wa manane. Shemeji naye alikuwapo, ndani ya simu ya dada.

Wote wakakubali kuuza, isipokuwa Bi Mkubwa mmoja wa Tanga mwenye sehemu ambayo kadhi mwenyewe aliiandika kwa kalamu nyembamba. Hakutaka fedha zaidi. Alisema yeye alizaliwa chumba cha juu, cha kona, kile chenye mti. Atatia saini, ila kila Idi aje alale hapo, na mti usikatwe.

Shemeji aliniuliza kama sharti hilo linaandikika kwenye hati. Nilimwambia amuulize wakili, mimi yangu ni kuta. Lakini huo mti, nikamwambia, ndio unaoshikilia kona.