Keria ya Mama Rehema

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na baiskeli moja ya kugombania, sogea nikupe yaliyonikuta. Kwetu Tanga baiskeli ni miguu ya nyumba nzima. Phoenix yetu ilikuwa na kilo 21. Najua kwa sababu mwanangu wa miaka 15, tunayemwita Injinia, aliitundika kwenye mizani ya ndoano ambayo mama yake hupimia mchele wa vitumbua.

Injinia alishasikia habari za Eddy Merckx, Mbelgiji aliyekwenda kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico City, tarehe 25 Oktoba 1972. Baiskeli yake haikufika kilo 6, na hata cheni ilitobolewa ipungue uzito. Cheni, ndugu yangu! Mtoto akishasikia hilo, chuma gani ndani ya nyumba kitasalimika?

Nilikuwa Muheza siku mbili. Niliporudi, nikapokewa kwenye kona na Rehema wa miaka saba, Mwendesha Mashtaka wetu. Kosa la mtu halilali nyumbani kabla yeye hajalifikisha. "Baba, kaka ametoboa baiskeli!"

Uani nikakuta vumbi la chuma mkekani na drili ya mjomba wao imelazwa juu ya kinu. Madigadi, stendi na kengele viko chini. Kifuniko cha cheni kimekuwa chujio, bomba la siti limekuwa filimbi. Na keria, keria ya Mama Rehema ya kubebea mchele wa vitumbua vyake vya kuuza, imeegemezwa kwenye banda na kuku ameshaipanda.

Injinia akanifungulia daftari: vilivyong'olewa, karibu kilo 3. Nikamuuliza kuhusu matundu ya bomba. Tukapiga hesabu pamoja, maana hesabu ndiyo inayotupatanisha mimi naye. Tundu la milimita 6 kwenye chuma chenye unene wa milimita 2 huondoa chini ya nusu gramu. Matundu 20 ni kama gramu 9. Mama yake akachota vijiko viwili vya sukari, akavimimina kwenye kisahani mbele yake.

"Ndicho ulichopunguza hicho. Na asubuhi umekula vitumbua sita."

Kesho yake ilibidi niende soko la Mgandini kuleta mchele. Keria haipo, nikaning'iniza mfuko kwenye usukani. Kwenye shimo la kwanza bomba likakatika, palepale penye tundu. Chuma kikielemewa, nguvu hujikusanya kwenye ukingo wa tundu na ufa huanzia hapo. Namshukuru Mungu nilikuwa nakwenda polepole. Mchele tuliuokota na wapita njia, kisha nikasukuma baiskeli hadi nyumbani.

Mama Rehema hakunisubiri nivue viatu. Alishamwita kaka yake, shemeji yangu, Mzee wa Nondo. Huyu bwana haamini kitu kisichochomelewa. Mlango aliotutengenezea wa banda la kuku hufunguliwa na watu wawili. Akaleta bomba jipya, akarudisha kila kitu, akaongeza nondo mbili chini ya keria. Mimi sikuulizwa, na katika nyumba yetu hilo limezoeleka.

Jioni Injinia akaitundika tena: kilo 22 na nusu. Akaandika daftarini kimya. Nikakaa naye kibarazani, nikamwambia ninachokiamini: kitu kisichobeba mtu kitoboe utakavyo, kinachobeba mtu kiache na unene wake. Mama yako hula kwa keria ile, na wewe unakula kwake.

Asubuhi aliondoka yeye kwenda Mgandini, akarudi na gunia la kilo 25 juu ya nondo za mjomba wake, jasho linamtiririka, anacheka. Kifuniko cha cheni nimekataa kibadilishwe. Jua likipita mle, uani hutapakaa vidoa vya mwanga, na Rehema huchuchumaa kuvihesabu.