Barua ya Wazi kwa FIA: Majengo Nayo Inaomba Mbio

Kwa Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA),
Place de la Concorde, Paris.

YAH: OMBI LA MTAA WA MAJENGO, GOMA, KUANDAA MASHINDANO YA LANGALANGA

Mheshimiwa Rais,

Mashabiki wa langalanga wa mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma, wanaanza kwa pongezi. Tarehe 12 Desemba 2025, kule Tashkent, ulirudishwa madarakani bila mpinzani. Waliotaka kushindana nawe walikwama kabla taa hazijazimika: kanuni ilimtaka kila mgombea aje na majina kutoka kila kanda ya dunia, Amerika Kusini ikatoa jina moja tu, la Fabiana Ecclestone, na mama huyo tayari alikuwa kwenye orodha yako. Majengo haioni ajabu hapo. Imeshatawaliwa na wengi waliofika mwisho wakiwa peke yao barabarani.

Wanaomba radhi pia, mapema. Tangu Desemba 2022 kanuni zenu zinamtaka dereva aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoa kauli ya kisiasa. Hawa si madereva wa langalanga. Ni motari, wauza makaa, wanafunzi na mafundi, lakini wasingependa kuvunja sheria ya mtu. Basi barua hii ihesabiwe kuwa ombi la ruhusa, na papo hapo iwe ndiyo kosa lenyewe, kwa sababu kwa intaneti ya Goma haijulikani kama barua ya pili itafika.

Wapo watakaouliza Majengo inajua nini kuhusu langalanga. Inajua kwamba baada ya mbio za Uholanzi, 31 Agosti 2025, Max Verstappen alikuwa nyuma ya Oscar Piastri kwa pointi 104, na aliyethubutu kumtaja kuwa bingwa siku hiyo alichekwa hadi akalipa chai. Inajua Las Vegas. Kule ilikuwa Jumamosi usiku. Goma ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, vichwa vitano juu ya kioo kimoja, picha inaganda kila gari linapokaribia kona, na mwenye simu anakumbusha kwamba bando ni lake, anayetaka kuhema juu ya kioo akahemee nje. Lando Norris akamaliza wa pili, Piastri wa nne. Watu wakaenda kanisani wakijua ubingwa umekwisha. Kufika mchana, wote wawili walikuwa wamefutiwa matokeo.

Sababu, kama mnavyoikumbuka, ilikuwa ubao. Chini ya kila gari la langalanga pamefungwa ubao wa milimita 10, na baada ya mbio hauruhusiwi kuwa chini ya milimita 9. Wakaguzi wenu waliupima ule wa Norris, mahali pamoja ukasoma 8.88. Wa Piastri ukafika hadi 8.74. Timu yao, McLaren, ikajieleza kwamba haikukusudia, mkaisikiliza kwa adabu, kisha mkafuta. Ghafla Piastri na Verstappen wakawa sawa, pointi 366 kila mmoja, Norris akiwa na 390.

Ya Qatar hawana haja ya kuyarefusha. Gari la usalama liliingia mzunguko wa 7 wa mbio za mizunguko 57, na kila seti ya matairi ilikuwa imewekewa kikomo cha mizunguko 25. Hata mtoto wa shule ya msingi ya Majengo angejumlisha: 7, na 25, na 25. Karibu wote wakaingia kubadilisha matairi; McLaren wakapita mbele ya mlango wao wenyewe kama watu wanaomkwepa mdai. Verstappen akashinda.

Hivyo tarehe 7 Desemba, saa tisa alasiri kwa saa za Goma, watatu walipanga foleni Abu Dhabi: Norris 408, Verstappen 396, Piastri 392. Verstappen akashinda mbio, Piastri akawa wa pili, Norris wa tatu, na nafasi hiyo ya tatu ikamtosha: 423 kwa 421. Pointi mbili, mwaka mzima. Kwamba mtu anaweza kupanda jukwaani, kupigiwa wimbo wa taifa na bado asipate alichokifuata, Goma haikuhitaji kufafanuliwa. Alhamisi ya juma hilohilo, 4 Desemba, marais Félix Tshisekedi wa Kongo na Paul Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano ya amani huko Washington mbele ya Donald Trump. Picha zilikuwa safi. Siku chache baadaye waasi wa M23 walikuwa ndani ya mji wa Uvira.

Ila ni ule ubao wa Las Vegas hasa uliowapa mashabiki hawa ujasiri wa kuandika. Shirikisho linaloona upungufu wa milimita 0.12 huko Nevada haliwezi kushindwa kuona kilomita 155 kutoka Kigali hadi Goma.

Mheshimiwa anaukumbuka Desemba 2024. Shirikisho lilifanya mkutano wake mkuu Kigali, likagawa na tuzo zake hukohuko. Verstappen, aliyetamka neno chafu mbele ya waandishi wa habari Singapore, alipangiwa kazi ya kijamii, akaitumikia Rwanda, pamoja na madereva chipukizi wa klabu ya magari ya nchi hiyo. (Motari wa Goma, wanaotamka neno lilelile kila wakutanapo na shimo, wanauliza wao watapelekwa kutumikia wapi. Monaco ingewafaa.) Tarehe 13, Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Uwanja ulikwisha kufikiriwa, karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na mchoraji akiwa Alexander Wurz, dereva wa zamani. Hata Lewis Hamilton alikuwa ameitaja Rwanda miongoni mwa nchi alizozipenda sana.

Majengo ilifurahi, na hapo haitanii. Afrika haijaona langalanga tangu Kyalami, Machi 1993, siku Alain Prost aliposhinda. Ingekuwa mbio za kwanza duniani ambazo mtu wa Goma angezifikia kwa basi.

Wiki sita baadaye mbio zilikuja zenyewe. Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba Rwanda inaiunga mkono M23, tena kwa askari, Kigali inakana. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2773, likilitaka jeshi la Rwanda liache msaada huo na liondoke Kongo. Mwezi huohuo Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliiandikia Formula 1 akiomba mazungumzo na Rwanda yakome. Jibu lilikuwa la heshima: hali inafuatiliwa kwa karibu, na uamuzi wowote utazingatia taarifa zote, maslahi ya mchezo na maadili yake.

Mtasema kalenda hupangwa na mkuu wa Formula 1, Stefano Domenicali, na watu wake, si FIA. Ni kweli, lakini haiwi kalenda mpaka Baraza lenu la Dunia la Mbio za Magari liipigie muhuri.

Na kufuatilia huku kwa karibu kunawachanganya kidogo, kwa sababu wanakumbuka Sochi, uwanja wa mbio za Urusi. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Jioni hiyohiyo Formula 1, FIA na timu zilikaa, na kesho yake tangazo likatoka kwamba mbio za Urusi haziwezekani. Tarehe 3 Machi mkataba wenyewe ukavunjwa. Majengo haidai kwamba vita hivi viwili ni pacha. Inaulizia saa tu: ile iliyotumika Sochi imeharibika, au imeazimwa?

Haki itendeke pande zote. Kinshasa, iliyozisuta Arsenal, Bayern na PSG kwa kulitangaza jina la Rwanda, ilipofika Julai iliahidi Barcelona zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne ili jezi za mazoezi ziseme Kongo ni moyo wa Afrika. Mwalimu wa Majengo asiyeweza kuufikia mshahara wake kwa kuwa benki zimefungwa aliisoma habari hiyo kwenye simu ya jirani. Hawaombi FIA iamue nani ana unafiki mwingi zaidi; hakuna chombo cha kupimia kwa milimita.

Sasa ombi lenyewe. Kwa kuwa vita si kizuizi, Majengo nayo inaomba kuandaa mbio, na inawasilisha vigezo vyake.

Njia ipo. Inaanzia Kibumba, juu, na kuteremka kupitia Kanyaruchinya hadi mjini. Uso wake umetengenezwa na volkano ya Nyiragongo: Januari 2002 mlima ulimwaga lami yake moja kwa moja katikati ya mji na juu ya njia ya ndege, na Mei 2021 ukarudi kwa ukarabati, ukaishia Buhene. Wenyeji huita mawe hayo makoro. Hakuna tairi la Pirelli litakalomaliza mizunguko 25 juu yake.

Gari lipo: chukudu. Fremu ya mbao, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, kipande kingine cha mpira juu ya ubao wa kati ambapo dereva huweka goti, na breki ambayo ni wayo wake mwenyewe ukikandamiza gurudumu la nyuma. Hushuka na magunia ya makaa, viazi na kabichi, mzigo wa mamia ya kilo, dereva ameinama, upepo unampiga usoni, na mbele yake kuna kona, mbuzi na mama mwenye bidoni la maji. Hakuna redio ya kumwambia amwachie mwenzake wa timu apite. Serikali iliitambua heshima hiyo, ikamjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara mjini. Ubao wa chukudu hauna kipimo cha chini. Unapoisha, unakuwa kuni.

Kituo cha matibabu kipo. Kanuni zenu zinataka madaktari waliozoea majeraha ya ghafla, na wale wa hospitali ya CBCA Ndosho wamewatibu majeruhi wa risasi na mabomu kwa miaka, wakishirikiana na Msalaba Mwekundu. Wangefurahi sana kupata wikendi ya ajali za kawaida.

Magari ya usalama nayo hayakosekani. Mengi, meupe, yenye maandishi ya UN. Yamezunguka Kongo tangu 1999, kwanza kwa jina la MONUC, kisha kuanzia 2010 kwa jina la MONUSCO. Tatizo dogo ni kwamba kwenye langalanga likitokea gari hilo wote hupunguza mwendo na hakuna anayepita. Huku wamepita wote.

Uwanja wa ndege upo pia, umefungwa tangu Januari 2025. Tarehe 30 Oktoba, hapo Paris mnapokaa, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada. M23 ikajibu kwamba haikuulizwa. Kwa sasa injini na vyakula vya timu vishushwe Kigali, vije kwa barabara, vivukie mpaka wa Grande Barrière. Bahati nzuri kanuni inataka mbio zifike kilomita 305, na Kigali hadi Goma kwenda na kurudi ni kama hizohizo. Wabunifu wenu wanaweza kuunganisha viwanja vyote viwili katika mbio moja. Wapo watu wenye sare walioipita njia hiyo na wanaijua vizuri.

Inabaki hofu ya mkurugenzi wa mbio. Mashabiki wa Majengo, wengi wao watu wa Hamilton, hawajasahau Abu Dhabi ya 12 Desemba 2021. Hamilton na Verstappen waliingia na pointi 369.5 kila mmoja. Nicholas Latifi akagonga ukuta, gari la usalama likatoka, na mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akayaruhusu magari matano tu kati ya yale yaliyozidiwa mzunguko yajitoe, yaani yale yaliyokuwa kati ya mahasimu wawili, kisha akafungulia mbio kwa mzunguko mmoja. Machi 2022 FIA ilikiri kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu, lililofanywa kwa nia njema, na matokeo hayabadiliki. Masi alikuwa ameshaondolewa. Majengo inaiheshimu kauli hiyo kwa kuwa angalau kuna mtu aliyeitwa, akahojiwa, akaandikiwa ripoti na akapoteza kazi. Waliofanya makosa ya kibinadamu Goma mwaka 2025 bado wako kazini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mashabiki hawa wanaomba mambo mawili. Kwanza, mtume mkaguzi mmoja pamoja na kipimo chake cha milimita, aje Majengo, alale siku mbili, apime anachotaka. Pili, ombi la Kigali na hili la Majengo yajibiwe siku moja, kwa maandishi, kwa kigezo kilekile kilichotumika Sochi, na sababu zitajwe. Jibu likiwa "hapana" kwa wote wawili, Majengo italipokea bila kukata rufaa.

Wenu katika mchezo,
Mashabiki wa langalanga, Majengo, Goma
Desemba 2025