Kumsifu Nzi wa Matunda

Lukiano wa Samosata, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, aliwahi kuandika risala nzima ya kumsifu nzi wa kawaida, na yaelekea tangu hapo wanadamu wamejiona wamekwisha lipa deni lao kwa ukoo huo. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa imemsahau nzi wa matunda, ambaye wataalamu humwita Drosophila melanogaster: mdudu wa urefu wa milimita 3 hivi, mwenye macho mekundu na mwili wa hudhurungi hafifu, anayejitokeza jikoni siku ndizi zinapoanza kuiva kupita kiasi, asiyebisha hodi, na ambaye akitumbukia katika glasi ya juisi hufia humo bila kuomba radhi. Hana asali kama nyuki, hana hariri kama nondo, hana hata mdomo wa kuumia ili walau aogopwe. Sifa yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 amewafundisha watu kazi ya utafiti wa biolojia, na amewafundisha kwa kuwasumbua.

Katika maabara nzi huyu huhesabiwa miongoni mwa viumbe vielelezo, yaani viumbe wachache wanaochunguzwa kwa kina ili yale yanayoonekana kwao yasaidie kueleza yanayotokea kwa wengine, binadamu akiwamo. Wenzake katika baraza hilo ni panya, hamira, bakteria wa utumbo na mnyoo mmoja wa udongoni asiyefikia hata milimita 2. Panya ana heshima yake, lakini hula sana, hunuka, na mimba yake huchukua takriban wiki 3. Nzi, akiwekwa katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, hutoka kwenye yai, akawa buu, akajifungia ndani ya gamba akiwa bundo, kisha akachomoka akiwa nzi kamili, yote hayo kwa siku 10 hivi. Mwanafunzi aliyeanza kuwafuga mwanzoni mwa muhula huwa na vitukuu vyao chupani kabla ya mtihani, tena kwa mamia, kwa maana kuzaana kule kule kunakomkera mwenye jiko ndiko kunakompa mtafiti idadi ya kutosha kwa hesabu za urithi.

Aliyemvumisha ni Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, ambaye, wala si aibu kulisema, alikuwa na mashaka makubwa na nadharia ya kromosomu, yaani kwamba urithi hubebwa na nyuzi hizo ndogo zilizo ndani ya seli, pamoja na kanuni za urithi za Mendel pale alipoanza kujaza chupa za maziwa kwa ndizi na nzi. Chumba chake kilikuwa cha takriban mita 5 kwa 7. Mwaka 1910 alionekana humo dume mmoja mwenye macho meupe badala ya mekundu, akaachiwa majike wa macho mekundu, na wajukuu walipohesabiwa walipatikana majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, madume 782 wenye macho meupe, na jike mwenye macho meupe asiwepo hata mmoja. Mbele ya hesabu hiyo mwenye mashaka alisalimu amri: jeni ya rangi ya macho, yaani kile kipande cha urithi kinachoamua rangi hiyo, husafiri pamoja na kromosomu ya X, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja. Calvin Bridges aliingia chumbani humo kama kijana wa kuosha chupa, akagundua nzi mwenye macho ya rangi ngeni kupitia kioo kinene cha chupa iliyosubiri kuoshwa. Alfred Sturtevant, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwaka 1911 aliweka kando kazi alizopewa na walimu wake, na kwa usiku mmoja akachora ramani ya kwanza ya jeni. Kwa hiyo nzi anaweza kudai kwamba amewatetea watu wawili ambao dunia huwadharau, muosha vyombo na mwanafunzi asiyemaliza kazi za nyumbani.

Elimu anayoitoa huanzia kwenye sufuria. Unga wa mahindi, hamira, sukari au molasi, na agari, yaani unga utokanao na mwani ambao kazi yake ni kugandisha, huchemshwa pamoja hadi uwe uji mzito, ukapozwa kidogo, ukatiwa dawa ya kuzuia ukungu, kisha ukamiminwa katika vichupa vinavyozibwa kwa pamba. Vichupa vikizibwa uji ungali wa moto, mvuke hugeuka matone kwenye kuta, na nzi wakitiwa humo hunata mabawa na kuzama. Uji ukiwa mwepesi, wote huporomoka pamoja na mabuu siku chupa inapopinduliwa. Wapo wenye shahada za juu waliokwama hapa, ilhali mpishi yeyote wa ugali angewakwamua.

Baada ya jiko huja kazi ya kukusanya majike bikira, nayo ndiyo inayowatenga watafiti na wale wanaoupenda utafiti kwa mbali. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa siku nyingi, hivyo jaribio la kuchanganya koo mbili halina maana iwapo jike aliyetumiwa alikwisha kuonana na dume mwingine. Jike aliyetoka tu kwenye gamba hukataa madume kwa takriban saa 8 za mwanzo, na mwanafunzi hulazimika kuyapanga maisha yake ndani ya muda huo: asubuhi huondoa chupani nzi wote wazima, na kabla muda haujapita hurudi kuwachukua waliochomoka nyuma yake. Huwalaza kwa hewa ya ukaa inayopenya kwenye kibao chenye vitundu chini ya hadubini, akawasogeza mmoja mmoja kwa brashi laini ya kuchorea, asije akawavunja miguu. Madume hutambulika kwa ncha nyeusi ya tumbo na kwa safu ya vinyweleo vyeusi kwenye miguu ya mbele. Jike mchanga hutambulika kwa mwili uliopauka, mabawa ambayo pengine bado hayajakunjuka, na doa la kijani kilichokoza linaloonekana kupitia ngozi ya tumbo, ambalo ni mabaki ya mlo wake wa mwisho alipokuwa buu. Mwanafunzi akikosea, akampitisha jike mmoja tu aliyekwisha pandwa, hakuna kengele itakayolia. Ataendelea kujaza daftari lake kwa mwandiko mzuri, na siku 10 baadaye atazaliwa mtoto mwenye mabawa au macho yasiyolingana na wazazi walioandikwa. Mwalimu wa kibinadamu angekaripia, na mkaripiaji huombwa msamaha. Nzi hujibu kwa uzao, na uzao haubembelezwi.

Washitaki wake husema kwamba hajui sikukuu. Ni kweli: koo za nzi hazihifadhiwi kwenye friza kwa wepesi kama bakteria, bali huhamishiwa kwenye chakula kipya kila baada ya wiki chache, kwa hiyo Idi au Krismasi inapofika yupo mtu anayegonga vichupa mezani ili nzi waanguke chini kabla pamba haijaondolewa. Husemwa pia kwamba huleta ukungu na utitiri, na kwamba majina ya jeni zake yamekaa kichwa chini, kwa kuwa jeni hupewa jina la kasoro inayotokea ikiharibika, na ndiyo maana ile iitwayo nyeupe ndiyo inayoyafanya macho kuwa mekundu. Shitaka hili la mwisho wapelekewe waliotoa majina.

Kwa upande wa malipo, nzi amedhulumiwa waziwazi. Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa kazi zilizofanywa juu ya mwili wake mwaka 1933 kwa Morgan, mwaka 1946 kwa Hermann Muller aliyeonyesha kuwa eksirei hubadili jeni, mwaka 1995 kwa watafiti watatu waliochambua jinsi kiinitete kinavyojigawa, na mwaka 2017 kwa wengine watatu walioeleza saa ya ndani ya mwili; yeye, akishahesabiwa, hutupwa katika chupa ya spiriti iliyo pembeni mwa hadubini. Wahenga walisema nzi kufia juu ya kidonda si haramu, lakini hawakutoa hukumu juu ya nzi anayefia kwenye medali ya mtu mwingine.

Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na ingawa alipata umaarufu ughaibuni, anaanza kurudi rasmi: katika muongo wa 2010 mji wa Ishaka, magharibi mwa Uganda, ulipokea kozi za kuwafundisha wanasayansi wa Kiafrika kumtumia, kwa sababu gharama ya kumfuga haikaribii ile ya panya. Faida yake huku haihitaji kutafutwa mbali. Upo ukoo wa nzi ambao ukipashwa joto hadi nyuzi 29 au zaidi huanguka chali, miguu ikiwa imekufa ganzi, na ukipozwa husimama na kutembea. Kasoro hiyo iko katika jeni ya mlango wa sodiamu, yaani protini inayopitisha ishara kwenye neva, nayo ilitenganishwa kutoka kwa nzi huyu mwaka 1989. Mlango huo ndio unaoshambuliwa na sumu ya pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na vilevile na dawa za viwandani zilizoigwa kutoka pareto ambazo hutiwa kwenye vyandarua, na mabadiliko katika jeni ya namna hiyo hiyo ni mojawapo ya njia ambazo mbu wa malaria amezitumia kuwa sugu. Mwanafunzi aweza kuuona mlango huo ukifunga na kufunguka kwa kichupa kimoja na beseni la maji ya uvuguvugu. Mbu mwenyewe angeweza kutoa somo la neva, lakini jike wake hudai damu ndipo atage, na hufugwa katika vyumba vyenye milango miwili ili asitoroke. Nzi wa matunda huridhika na uji, na akitoroka hakuna anayelazwa hospitali.